Nyama ya Wapi

Kwa miaka kumi na moja mama yangu alikuja nyumbani kwangu, akaketi, akazungumza, akawabeba watoto wangu mgongoni, na hakula. Maji alikunywa, lakini ya chupa, na chupa alikuja nayo mwenyewe ndani ya mkoba. Nikimletea sahani, ameshiba. Mtu ametoka Majengo mpaka Skuta kwa miguu, saa saba ya mchana, jua limemchoma utosi, na ameshiba. Nilikuwa nikiirudisha ile sahani jikoni huku natabasamu, na nikifika jikoni naitupa kwenye sinki kwa nguvu hata watoto wanaruka.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, katika familia ya Waislamu wa mjini Nyeri, wale ambao ukiwauliza babu yao alitoka wapi kila mmoja anakutajia pahali tofauti. Niliolewa na Mkristo wa Giakanja. Dini sikubadili, nilibadili mtaa tu, lakini mama hakuiona tofauti. Hakunilaani wala hakunifungia mlango. Alichagua kitu kimoja cha kushikilia, akakishikilia kwa meno: nyama.

Mwaka wa kwanza nilimpelekea bakuli la mchuzi. Akafungua kifuniko, akanusa, akauliza, "Nyama ya wapi?" Nikamwambia ni ya bucha ileile anakonunua yeye, imechinjwa na Mwislamu. Akasema, "Na sufuria?" Nikaanza kumwambia naziosha vizuri. "Sijui sufuria zako zimeona nini," akasema, akalifunika bakuli na kunirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. Afadhali angenitukana. Baada ya hapo, kila nilichompelekea, hata kama ni maandazi, kilianza na swali. Unga wa wapi, mafuta ya wapi. Nikaacha kupeleka.

Sasa upande wa pili. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Cucu, bibi kwa Kikuyu, nami humwita Maitu, mama, ni mkulima wa Giakanja na mama wa kanisa, na sijawahi kumwona akiingia kwa mtu mikono mitupu. Yeye na mama yangu huitana kwa majina ya wajukuu: huyu Cucu, huyu Nyanya. Na Cucu si mtu wa kutoona. Siku moja aliniuliza, kwa ulimi wake wa Kikuyu unaogeuza kila L kuwa R, "Kwani Nyanya huwa hakuri kwenu?"

Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu anaona sufuria za mwanawe ni najisi? Niliona aibu, na aibu ilinipa uwongo uliokwisha kuiva. "Ana sukari," nikasema. "Daktari amemkataza kula nje."

Basi Cucu akamwombea kanisani. Kila wakikutana alimshika mkono na kumwuliza kama miguu inakufa ganzi, na mama alimjibu kwamba miguu ni mizima, alhamdulillahi, akidhani ndivyo watu wa Giakanja wanavyosalimiana. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo katikati yao, nikikoroga chai.

Aliyevunja mambo ni binti yangu wa miaka tisa. Alikuwa Majengo likizo ya Agosti, akamwuliza Nyanya yake kwa nini hali kwetu, kama ni kwa sababu mama yake anapika vibaya. Jioni mama akanipigia simu. "Jumamosi nitakuja kula," akasema. "Pika." Nikasikia anavuta pumzi. "Na sitakuuliza kitu."

Nilimjua mama yangu. Akisema hatauliza, hatauliza, na asingerudia kusema maneno hayo maishani mwake. Alikuwa ananipa nafasi moja.

Nikaamua kupika chakula chake mwenyewe, nyama ya ng'ombe na wali wa kupalia. Kwa mama, nyama hupikwa kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na nyanya mpaka mchuzi uwe mzito. Wali unachemshwa nusu. Vinapangwa kwa tabaka ndani ya sufuria, inafunikwa, halafu makaa yanawekwa chini na juu ya kifuniko, na mtu anakaa kando akiuchunga moto. Sisi watoto tulikuwa tukipigania ule wali wa juu uliokauka. Mimi Skuta naishi ghorofa ya pili na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya makaa. Lakini nina jiko la gesi lenye oveni, ambayo tangu tuinunue imekuwa kabati la sufuria. Niliitoa vyombo vyote. Huko nyuma nikapata kifuniko nilichomsingizia jirani kwamba hakukirudisha.

Nilinunua trei mpya, sufuria mbili mpya na mwiko mpya. Nilitaka vitu ambavyo havijaona chochote. Nyama nilinunua kwa bucha ya mama, kilo mbili, na mwuza nyama akaniuliza kama kuna sherehe. Nikamwambia ndiyo. Mchele wa pishori mume wangu alikuwa ameutoa Sagana juzi yake, wa kunukia mpaka kwenye ngazi.

Huyohuyo mume wangu, bila kuniuliza, akamwalika mama yake. "Ndio ikae kama familia," akasema. Sikugomba. Cucu alifika saa nane na kiondo chake begani, akakaa jikoni kwenye stuli, akamenya vitunguu vyote kabla sijamwomba. Saa tisa nyama yangu ikiwa motoni nikakumbuka sina dania wala karatasi ya foili. Nikashuka dukani. Dukani palikuwa na foleni, na kwenye foleni palikuwa na jirani mwenye maneno. Nilichukua kama nusu saa.

Niliporudi nilimkuta Cucu anaosha vyombo, na sufuria imejaa. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kupika nyama anajua kwamba ikiiva hupungua. Ya kwangu ilikuwa imeongezeka, na mimi, mpishi hodari, nikafikiri ni baraka. Nikaikoroga, nikaonja mchuzi, nikapanga tabaka zangu: nyama, wali, vitunguu vya kukaanga, nyama, wali. Nikafunika na foili, nikatia ndani ya oveni saa kumi na moja na nusu. Nikaoga, nikavaa.

Mama alifika saa kumi na mbili, amevaa sweta zito juu ya buibui kwa sababu ya baridi. Nilimtazama mikono kabla ya uso. Alikuwa amebeba mkoba mdogo wa simu peke yake. Hakuja na chupa.

Nilimkumbatia, nikajifanya nina mafua.

Jua lilipotua aliomba pa kusalia, nikamtandikia chumbani kwetu. Nikarudi jikoni. Harufu ilikuwa imeshika nyumba yote, watoto wanazunguka meza kwa hamu, na Cucu ameegemea friji, anatabasamu kama mtu aliyefanya jambo jema akatulia nalo.

"Hata nimefurahi," akasema, "vire nyama imetosha."

"Imetosha, Maitu. Ilikuwa kilo mbili."

"Aa, yako irikuwa kidogo. Mimi ndio niriongeza ingine. Si ng'ombe ya jirani irianguka kwa mtaro ikavunjika mguu, wakaichinja. Nasi tukanunua wote, ndio tumsaidie. Nirikuwa nimeichemsha asubuhi isiharibike. Niriiweka wakati urienda duka."

Nilishika ukingo wa sinki. "Nani aliichinja?"

"Si ure mzee wa kanisa wa hapo chini," akasema, na akaongeza kwa fahari, "mtu msafi sana."

Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu. Nilitafuta hasira mahali ninapoiweka siku zote, nikaikosa, kwa sababu mwanamke huyu hakuwa amekosa lolote. Miaka yote hii nimemwambia Nyanya ana sukari. Nyama haina sukari. Aliongeza nyama ili aibu isiniangukie mbele ya mama yangu.

Nikamwita mume wangu jikoni, nikamwambia kwa kunong'ona. Chumbani mama alikuwa anasali. Magharibi ni rakaa tatu, na mama huongeza mbili za sunna. Huo ndio muda niliokuwa nao duniani.

"Usiseme," mume wangu akasema.

"Amekuja bila chupa."

"Ndio sababu usiseme. Yeye hajui, kwa hivyo si makosa yake. Si hata kwenu inasemwa hivyo? Kama ni dhambi, iandikwe kwangu."

"Itaandikwa kwako vipi na mwiko nimeshika mimi?"

"Atakula, atafurahi, ataenda nyumbani. Kesho utapika ingine ya sawasawa, na keshokutwa ingine. Ukisema leo, hatakanyaga hapa tena. Unamjua."

Namjua. Nilifungua oveni, nikatoa trei kwa taulo mbili, nikafunua foili. Wali ulikuwa umekauka vizuri juu, rangi ya dhahabu kwenye pembe, na mvuke wake ulinipiga uso. Nilitafuta nyama yangu na nyama ya Giakanja, kama kuna namna ya kuchagua hii na kuacha ile. Zote zilikuwa za rangi moja, na mchuzi ulikuwa umeshapita katika kila punje. Nikafikiria kuiachilia trei imwagike sakafuni. Mikono ilikuwa inaungua, watu wangeamini. Halafu ningesema pole, ningetuma mtu akalete chipsi, na mama angenihurumia. Lakini ungekuwa uwongo mwingine, na huo wa sukari ulikuwa bado unatembea nyumbani kwangu.

Nitasema kweli, maana sina wa kumficha tena: nilitaka ale. Hata hivyo ilivyokuwa, nilitaka ale. Nilitaka kumwona akitafuna kitu nilichopika, akameza. Nilipeleka trei mezani huku nikilitaka hilo.

Mama akatoka chumbani, akanawa mikono, akaketi. Cucu alikaa mkabala naye. Mume wangu alikaa mwisho wa meza, macho yake juu yangu. Nikapakua. Mama akakivuta kisahani cha kachumbari karibu, akautazama ule wali wa juu.

"Umepalia na nini?" akauliza.

"Ni oveni, mama."

"Imekubali," akasema, na kwa mama hiyo ni sifa ya mwaka mzima.

Akageuza kipande cha nyama kwa kijiko. Nikaona anakiangalia. Nikangoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiomba aache kuniuliza lile swali, na sasa nilimkodolea macho nikiomba aulize, mara moja tu. Angeuliza, ningejibu, na lawama tungegawana. Hakuuliza. Alikuwa ameahidi, na alikuwa anatimiza. Akasema Bismillahi kwa sauti ya chini, akajaza kijiko, akakiinua.

"Mama, usile."

Kijiko kikasimama. Mume wangu alifumba macho.

"Kuna nyama humo haikuchinjwa na Mwislamu," nikasema. "Imechanganyika. Ya kwangu ni ya bucha yako, nyingine ni ya Giakanja. Nimejua ukiwa unasali."

Mama alikiteremsha kijiko kwenye sahani polepole, asimwage hata punje. Watoto walikuwa wameshaanza kula, wakasimama na midomo imejaa, hawajui kama wameze. Cucu alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Ati haikuchinjwa na nani?" akauliza. "Kwani ni nyama? Mimi nirijua ni sukari."

"Sukari gani?" mama akauliza.

"Si hiyo yako ya mwiri. Yenye hukataza kura nje. Tumekuombea mpaka wiki irioisha."

Mama akanigeukia. Sijawahi kuona uso wake ukienda taratibu hivyo. Niliona anakumbuka miguu, na ganzi, na mikono yake ikishikwa kila mara, miaka yote hiyo, na mwanamke aliyekuwa akimwuliza kwa dhati. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikiruka huku na huku, nikianzia mwisho. Nilisema niliona aibu. Nilisema sikutaka Maitu ajue kwamba mama anazikataa sufuria zetu, na sikutaka mama ajue kwamba nimemsingizia ugonjwa.

Cucu aliinuka. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaanza kutafuta kiondo chake. "Basi nimeharibia Nyanya chakura," akasema. "Acha niende mapema, baridi ni nyingi."

"Keti, Cucu," mama akasema. "Tafadhali. Wewe hukuambiwa. Mtu asiyeambiwa hana kosa."

Halafu akanitazama mimi. "Mficha uchi hazai," akasema. "Mimi sikula kwako, hilo ni langu, nitaulizwa mimi. Lakini huyu mama ungemwambia siku ya kwanza, angejua. Angeniuliza mwenyewe. Tungegombana tukamaliza. Wewe ulitujua sote wawili, ukakaa katikati, kila mmoja ukamnyima mwenzake."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno yangu mengi, ya miaka, na mengine yalikuwa ya haki. Ni nani aliyekuwa anarudisha mabakuli? Lakini nilimwona Cucu bado amesimama na kiondo mkononi.

"Nisamehe, Maitu," nikasema. "Nisamehe, mama."

Cucu aliketi. Binti yangu akauliza kama wao wanaweza kula, mume wangu akawaambia wachukue sahani zao waende jikoni, na wakaondoka mbio kabla hajabadili neno. Tukabaki watu wazima wanne na trei moja ambayo hakuna aliyekuwa anaiangalia. Cucu alikuwa ameisukuma sahani yake mbali, imejaa vilevile.

"Una mayai?" mama akaniuliza.

"Ninayo."

"Na kikaango?"

"Kipo."

"Kimepikia nini?"

Nikafikiri. Nilitaka kuwa na hakika. "Mayai mara nyingi," nikasema. "Lakini wiki jana nilikaangia soseji za ng'ombe za dukani. Sikusoma pakiti. Sijui."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama vile sasa nimesema kitu cha maana. Akainuka. "Kioshe nikiona," akasema.

Tukaenda jikoni, tukawapita watoto walioketi sakafuni na sahani zao. Mama alisimama kando ya sinki, mikono nyuma. Nilikiosha kikaango kwa maji moto na sabuni, nikakisuuza, akasema, "Tena." Nikakiosha tena. Akasema, "Tena." Mara ya tatu vidole vilikuwa vimekunjamana na machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni. Aliyaona. Alichukua taulo safi kwenye msumari, akakikausha kikaango yeye mwenyewe, akakiweka juu ya moto, akarudi mezani.

Nilikaanga mayai sita. Wali mweupe kidogo ulikuwa umebaki kwenye ile sufuria mpya ya wali, ule ambao haukuingia kwenye trei, nikaugawa sahani mbili. Niliporudi mezani Cucu alikuwa amevuta kiti chake upande wa mama, na mama alikuwa akimweleza jinsi mnyama anavyolazwa na yanayosemwa, na Cucu akimkatiza kwa maswali. "Na kama ni kuku?" "Kuku pia." "Na nikiwa na kuku wangu, niite nani?" Mama akamwambia aje Majengo siku yoyote, atampeleka yeye mwenyewe kwa mtu wa kuchinja. Walipatana siku. Mimi sikuulizwa kama nina nafasi.

Niliweka sahani. Mama akasema Bismillahi mara ya pili jioni ile. Nilirudi kitini pangu, nikaangalia. Akakata yai kwa kijiko, akachanganya na wali, akatia kinywani. Alitafuna. Alimeza.

Alikula kimyakimya mpaka mwisho, na muda wote huo hakuinua macho kunitazama hata mara moja. Nilijua ni haki yake. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo kwamba amekula na hatarudi, kwamba vyote viwili vinaweza kuwa kweli usiku mmoja.

Kisha akanisogezea sahani tupu.

"Limebaki yai lingine?" akauliza.